Mwiritsa: Miche Mingi ya Mama Mmoja

Anayetaka kujua kama kitalu cha miti kinauokoa msitu, asihesabu miche kwanza. Aulize mama zake ni wangapi. Nimeliuliza swali hili katika vitalu vingi vya pande zetu za Shinyalu na Isecheno, pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, na mara nyingi jibu huja kwa kidole: mti ule pale, karibu na barabara. Maelfu ya miche imepangwa kwenye viriba, majani yanang'aa, kikundi kimesimamisha bango lake, na karibu kila mche umeokotwa chini ya mti huo mmoja kwa sababu ndio uliokuwa rahisi kufikiwa.

Mti ninaouzungumzia ni mwiritsa. Ndivyo tunavyouita sisi Waluhya. Wakikuyu huuita muiri, Wakalenjin tendwet, na Wachaga wa Kilimanjaro mkondekonde. Jina lake la kitaalamu ni Prunus africana, na kwa ukoo ni ndugu wa plamu, pichi na lozi. Ponda jani lake bichi mkononi ulinuse, utaipata harufu ya lozi. Huota kwenye nyanda za juu tangu Kamerun hadi Ethiopia, ukashuka Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi na Tanzania mpaka Afrika Kusini, ukavuka bahari hadi Madagaska. Ukiachwa ukue, hupita mita 30.

Kwetu hakuna asiyeujua. Mbao zake ni ngumu na nzito, zikifaa mpini wa shoka, kinu na daraja la kijijini. Gome lake linachemshwa kutuliza tumbo na homa, na wazee wanajua kulitoa upande mmoja tu, kisha wakauacha mti upone. Lakini halikubaki dawa ya kijijini. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza, yaani haki ya pekee, ya kutumia gome hili kutibu uvimbe wa tezi dume usio wa saratani, ule unaowasumbua wanaume wazee wanaoamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Dawa ikauzwa Ulaya, soko likafunguka, na malori yakaanza kupanda milima.

Sura iliyojulikana zaidi ya biashara hiyo iliandikwa Mlima Kamerun. Mwanzoni kulikuwa na utaratibu: chukua robo mbili za gome zinazotazamana, ziache robo nyingine mbili, kisha urudi baada ya miaka kadhaa. Leseni zilipozidi na wachumaji wakawa wengi, utaratibu ukavunjika. Miti ilibanduliwa gome kuzunguka shina lote, na mti uliovuliwa hivyo hufa umesimama. Mingine ilikatwa kabisa ili gome la juu lifikiwe. Madagaska nako ilikuwa hivyo hivyo, na gome liliuzwa nje pia kutoka Kenya, Uganda, Burundi na Kongo. Mwaka 1995 mwiritsa uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake gome halivuki mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauuangamizi mti. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha kupokea gome la Kamerun, na miaka michache baadaye biashara ikarejea kwa viwango maalumu. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, mwiritsa umewekwa katika daraja la walio katika hatari ya kutoweka porini.

Hadithi ya gome imeandikwa sana, na ni ya kweli, lakini imetufanya tuamini kwamba adui wa mwiritsa ni mmoja: mtu mwenye panga na gunia. Ukimzuia huyo, ukapanda miche mingi, basi umemaliza kazi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wa wenzangu katika shughuli hii, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Kakamega inatufundisha jambo jingine. Msitu huu ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo na Guinea, uliosalia peke yake baada ya nchi ya katikati kugeuka mashamba. Zamani uliungana au ulikaribiana na misitu ya Nandi. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, watu walifurika, migodi ikahitaji magogo ya kuegemeza mashimo na kuni za mitambo. Msitu ulitangazwa hifadhi mwaka 1933, lakini ukataji haukukoma. Baadaye wakaja wapasua mbao, wachoma makaa, mashamba ya chai na idadi ya watu ambayo leo ni miongoni mwa iliyosongamana zaidi vijijini Kenya. Kilichobaki ni msitu mkuu na vipande vyake: Kisere, Malava, Bunyala, Kaimosi. Kati ya kipande na kipande kuna miwa, mahindi, chai na maboma ya watu.

Sasa fikiria mwiritsa uliosimama Malava. Huchanua maua madogo meupe yanayoelekea rangi ya maziwa, na wadudu huja. Nyuki na nzi hao hawasafiri kilomita nyingi juu ya miwa kutafuta chavua ya mti wa Kisere. Wanachukua ya jirani, na kama majirani wamebaki wachache, basi ni chavua ya wale wale kila msimu. Matunda yakiiva, ndege na nyani huyala. Katika msitu mkuu wapo hondohondo, mbega, kima, na wale ndege wakubwa wa buluu ambao mgeni akiwaona kwa mara ya kwanza husahau alichokuwa akisema. Hao ndio wasafirishaji wa mbegu. Lakini mbega hashuki kuvuka kijiji kizima ili adondoshe kokwa upande wa pili. Kwa hiyo watoto wa mti huota karibu na mama yao, wanakua pamoja na ndugu zao, na siku ya kuchanua ikifika wanachavushana wao kwa wao.

Sisi Waluhya tunalielewa jambo hili bila mwalimu. Kijana haoi katika ukoo wa baba yake, wala katika ukoo wa mama yake, na posa haijadiliwi kabla wazee hawajauliza bibi huyu alitoka wapi na yule aliolewa wapi. Kwa mwiritsa tumeufuta ukoo wa mbali, tukawafungia ndugu katika boma moja, halafu tunashangaa vizazi vinapodhoofika.

Watafiti wa Ujerumani waliofanya kazi Kakamega pamoja na Wakenya walitafuta njia nzuri ya kupima hili. Mwiritsa huishi miaka mingi, hivyo miti mikubwa iliyosimama leo ilizaliwa wakati msitu ulikuwa bado na hali nafuu. Miche iliyo chini yake imezaliwa baada ya uharibifu. Ukichukua majani ya wazee na majani ya vichipukizi, ukalinganisha vinasaba vyao, ni kama kuupima msitu wa jana na msitu wa kesho mahali pamoja siku moja. Nina Farwig na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2008: kizazi kipya kilikuwa na uanuwai mdogo wa jeni, yaani tofauti chache za vinasaba kati ya mti na mti, kuliko wazee wake.

Nimelirudia tokeo hilo mara nyingi kwenye mikutano, na kila mara naona watu wakiinua vichwa. Maana yake ni nzito. Mtalii anayepita Isecheno, afisa anayepiga picha kwa ndege, hata sisi tunaoishi hapa, tunautazama msitu na kuuona tajiri, kwa sababu wazee bado wako hai. Utajiri wenyewe uko juu, kwenye matawi ya miti ambayo siku moja itaanguka. Chini yake hasara imekwisha kuingia. Hakuna panga lililosikika, hakuna lori lililokamatwa, na sheria zote zinaweza kufuatwa kikamilifu huku hasara hiyo ikiendelea.

Na wazee wenyewe wanaondoka. Peter Fashing, mtafiti wa nyani aliyewafuata mbega wa Kakamega kwa miaka, aliandika mwaka 2004 kwamba miti mikubwa ya mwiritsa ilikuwa ikifa kwa kiwango cha kutia wasiwasi, wakati mbega hao wanautegemea kwa chakula kuliko karibu mti mwingine wowote. Wala haikuwa ni kazi ya wabandua gome. Vichipukizi navyo vinaweza kujaa chini ya mti mama kama nyasi, lakini mwiritsa hupenda mwanga, na katika kivuli kizito vingi hufa kabla ya kufika kimo cha mtu. Ndiyo maana unakuta wazee na watoto wachanga, na vijana wa katikati hawaonekani.

Kuna anayeuliza: uanuwai wa jeni una faida gani kwa mtu anayehitaji kivuli na kuni? Jibu la kwanza ni ugonjwa na ukame. Miti ya mama mmoja hufanana katika nguvu na katika udhaifu. Ukija ukungu ambao mmoja hauwezi kuuhimili, yaelekea ndugu zake pia hawatauweza, na shamba zima litakauka pamoja. Penye mchanganyiko, iko itakayobaki. Jibu la pili linawahusu wanaotaka dawa. Caroline Kadu na wenzake walipima gome kutoka nchi mbalimbali za Afrika na kuonyesha, mwaka 2012, kwamba viambato vya dawa hutofautiana kutoka eneo hadi eneo. Dawa yenyewe basi imo katika tofauti hizo. Anayepoteza kundi moja la mwiritsa anaweza kuwa amepoteza gome bora kabla halijajulikana.

Tofauti hizo zina jiografia yake. Mwaka 1999 Ian Dawson na Wayne Powell walilinganisha mwiritsa wa Kamerun, Ethiopia, Kenya, Uganda na Madagaska, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti iko baina ya nchi na nchi. Alice Muchugi, mtafiti wetu wa Kenya, akafuatia mwaka 2006 na kazi juu ya Kenya na Kamerun. Baadaye Kadu na wenzake walipotandaza wavu wao Afrika nzima, makundi yalijitenga waziwazi: Afrika Magharibi, kusini mwa Afrika, Madagaska, na Afrika Mashariki ikagawanyika mara mbili, magharibi ya Bonde la Ufa na mashariki yake.

Tuliza macho hapo. Mwiritsa wa Kakamega na Nandi na ule wa Aberdare na Mlima Kenya, ingawa wote hutunzwa na serikali moja na huitwa kwa jina moja la kitaalamu, wametengana kwa muda mrefu sana kiasi kwamba jeni zao zinaonyesha mstari wa bonde. Bonde la Ufa ni pakavu na joto kwa mti wa milimani, na huenda ndilo lililowatenganisha wakati hali ya hewa ilipobadilika zamani. Sasa mwanadamu ana lori. Mfanyabiashara wa miche anaweza kupakia mbegu kutoka Kinale, mashariki ya bonde, leo na kesho zikawa Shinyalu. Huenda zikaota vizuri. Lakini chavua yake itaingia msituni, na kile kilichojengwa kwa maelfu ya miaka kitachanganywa bila mtu yeyote kukaa chini akaamua kwamba kichanganywe.

Mwezi Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Novemba ikatangazwa siku ya mapumziko ili watu wapande miti. Nilipanda siku hiyo na ningepanda tena. Naupenda moyo wa watoto wa shule waliotoka na miche yao kwenye matope, na sitaki mtu asome maneno yangu akaona ninauvunja. Hoja yangu ni kwamba lengo lililowekwa kwa idadi hujibiwa kwa idadi. Kikundi kinacholipwa kwa mche hakina sababu ya kupanda mlima kutafuta mti mama wa ishirini, wakati ule wa barabarani unamwaga matunda ya kutosha. Utafiti wa vitalu vya Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka 2005 na Ard Lengkeek, Hannah Jaenicke na Dawson ulikuta hivyo hivyo: mbegu za kundi moja la miche kwa kawaida hutoka kwa miti mama michache, kwa wastani haifiki hata 10.

Mwongozo wa kawaida wa wataalamu ni kuchuma kwa miti mama isiyopungua 30, mmoja ukiwa mbali na mwingine walau mita 50, na bora 100, ili usichume kwa ndugu. Mbegu za kila mti zichukuliwe kwa kiasi kinacholingana, kisha zichanganywe. Ni kazi. Mwiritsa hauzai sana kila mwaka, matunda yake huliwa na wanyama kabla hujafika, na mti wenyewe mara nyingi umesimama mahali ambapo huwezi kuingia bila ruhusa ya Huduma ya Misitu, au ya Huduma ya Wanyamapori upande wa Buyangu, kaskazini mwa msitu.

Tena mbegu zake hazingoji. Mahindi utayakausha uyaweke ghalani, mwakani uyapande. Mbegu ya mwiritsa haivumilii kukaushwa sana, na ukiikawiza miezi michache nyingi zinakuwa zimekufa. Kwa sababu hiyo huwezi kuuhifadhi mti huu kwa kujaza chupa katika ghala la baridi na kurudi baada ya miaka 50. Ghala lake ni miti hai: iliyo msituni, iliyo kwenye mipaka ya mashamba, iliyoachwa katikati ya chai na babu aliyekataa kuikata. Hii ya mashambani tunaidharau mno. Katika mashamba ya zamani ya Kaimosi na Ikolomani kuna miwiritsa mikubwa iliyobaki wakati msitu uliokuwa ukiizunguka ulipofyekwa, na kila mmoja unaweza kuwa umebeba jeni ambazo msitu umezipoteza. Mwenye shamba akifa, warithi wakagawana ardhi, mti ule huwa wa kwanza kuuzwa kwa mwenye msumeno.

Nililieleza hili kwenye kikundi kimoja cha akina mama wenye kitalu karibu na mto Isiukhu. Baada ya salamu za mulembe na chai, mama mmoja mwenye umri wa kunizaa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo ni kweli. Lakini mnunuzi akija huniuliza mche ni shilingi ngapi. Hajawahi kuniuliza mama yake ni nani."

Nikamwuliza, "Mama, na kama angeuliza?"

"Angeuliza, ningejua. Sisi ndio tunaoijua miti hii. Nakuambia ule wa kwa marehemu Mzee, ule wa kanisani, ule wa mtoni, na ule ambao ukichemsha gome lake ni chungu kuliko mingine yote. Mnatufundisha kupima, na hamtuulizi tunachojua."

Sikuwa na la kujibu ila kukubali, na tangu siku ile sijauona uhifadhi wa jeni kama kazi ya maabara peke yake. Maabara ndiyo iliyotuonyesha mstari wa Bonde la Ufa na umaskini wa vichipukizi, mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona. Lakini orodha ya miti mama, iko wapi, ya nani, inazaa lini, gome lake likoje, iko kwenye vichwa vya wanawake kama yule, na inaondoka nao kama vile wazee wa mwiritsa wanavyoanguka.

Zipo hatua ambazo hazihitaji fedha nyingi. Anayenunua miche, awe kaunti, kampuni, shule au kanisa, aweke sharti moja kwenye karatasi ya ununuzi: kitalu kiandike miti mama ni mingapi na imetoka wapi. Sharti hilo likiwepo, bei itaanza kufuata ubora. Kitalu kinachochuma kwa miti 30 kilipwe zaidi ya kile kinachookota chini ya mti mmoja, kwa sababu kazi si ile ile na bidhaa si ile ile. Miche ya magharibi ya bonde ibaki magharibi, mpaka wataalamu watakapotushauri vingine kwa sababu iliyoelezwa. Na kati ya vipande vya msitu, Malava na Kisere na msitu mkuu, miwiritsa ipandwe kwenye mipaka ya mashamba na kando ya mito, ili nyuki na ndege wapate vituo vya kupumzikia njiani.

Juu ya hayo kuna joto. Mwaka 2013 Barbara Vinceti na wenzake waliunganisha ramani za jeni za mwiritsa na makadirio ya hali ya hewa ya katikati ya karne hii, wakaonyesha kwamba maeneo yanayoufaa mti huu Afrika yatapungua sana. Mti wa mlimani una njia moja tu, kupanda juu zaidi, na Kakamega haina kilele kirefu cha kukimbilia. Miti itakayoweza kukaa hapa katika joto hilo, ikiwa ipo, imo tayari mahali fulani kati ya hii tuliyonayo. Hatuijui ni ipi. Ndiyo maana tusichague mmoja.

Kikundi cha Isiukhu sasa kina daftari. Ukurasa mmoja kwa kila mti mama: mahali, mwenye shamba, mwezi wa matunda, nani alichuma. Wamegawana pande, wengine wanakwenda Malava kwa jamaa zao walioolewa huko, wengine Ikuywa, na barua ya kuomba ruhusa ya kuchuma ndani ya hifadhi imepelekwa kwa afisa wa misitu. Mbegu zikifika zitachanganywa na kusiwa jioni ile ile. Anayejua mwiritsa mkubwa uliobaki katika shamba lake au la jirani, hasa upande wa Bunyala na Kaimosi ambako daftari lina kurasa chache, anaweza kuwaletea habari Jumanne yoyote asubuhi, wakiwa kitaluni wanamwagilia.